Taya Langu na Nikaha ya Rukia

Ikiwa unasoma haya huku umeshika shavu kwa kiganja, na ulimi hauachi kwenda pale pale panapouma, basi wewe ndiye niliyekukusudia. Wenye meno mazima na wasome wakipenda. Mimi si daktari, na sina elimu ya dawa ya kukupa. Nina habari ya kungoja, ya kufura, na ya kumtafuta mtu atakayekutazama kinywa bila kukuvua kanzu.

Kwanza nijitambulishe, maana maneno hupimwa kwa msemaji. Naitwa Swaleh, mzaliwa wa Faza katika kisiwa cha Pate. Niliondoka na begi la kuazima nikaenda Ghuba kuosha sahani. Nilirudi nikiwa msimamizi wa ghorofa nzima ya hoteli, na diploma ya uendeshaji wa hoteli niliyoisomea baada ya zamu, wenzangu wakiwa wamejilaza wanatazama mpira. Hakuna aliyenishika mkono. Leo nina nyumba ya wageni Shela niliyoijenga kwa jasho langu, na wageni huandika kwamba shuka zetu ni safi kuliko za mahoteli makubwa. Nayataja haya ili ujue kwamba kisa hiki hakikumpata mzembe. Ikiwa kimenipata mimi, mtu wa vyeti na mipango, nawe usijilaumu kupita kiasi.

Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Kule Ghuba kampuni ilitukatia bima nzuri, na gego hilo nikalivika kofia ya dhahabu. Nikicheka, lilionekana. Niliporudi nyumbani bima ile ilibaki kule pamoja na kitambulisho cha kazi. Huku nilikuwa na kadi ya bima ya bei nafuu tu. Siku jino lilipoanza kuniamsha, mwezi wa Shaabani, niliipeleka kadi ile dirishani, hospitali ya Amu, yaani mjini Lamu. Bibi wa dirishani aliigeuza pande zote mbili, akanirudishia kwa adabu.

"Ukilazwa itakufaa, Bwana Swaleh. Kwa meno, hii ni karatasi."

Daktari wa meno, kijana mpole, alilitazama gego kwa kioo chake kidogo, akaligonga mara moja. Nikaruka kitini.

"Tuling'oe leo," akasema. "Kung'oa bei yake ndogo, utaimudu. Ukitaka kulinusuru, itabidi lisafishwe mpaka mizizini, na hayo ni ya Mombasa. Si rahisi."

"Ling'olewe? Na dhahabu yake?"

"Dhahabu iko juu, Bwana. Maradhi yako tini."

Nilimshukuru, nikavaa viatu, nikaenda zangu. Nilikuwa nimelizoea jino lile kama mtu alivyozoea saa yake. Tena sikuwa na nafasi ya kwenda Mombasa, wala ya kukaa na pengo. Harusi ya Rukia ilikuwa imepangwa Mfunguo Mosi, baada tu ya Idi.

Hapa lazima nikueleze habari ya harusi, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu na akili zake aliteseka hivi. Rukia ni binti yangu wa pekee. Nilipomwoa mama yake, Bi Salma, mtu wa Mkomani, wa nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, baba yake hakuniridhia. Mzee Aboud hakusema hapana. Siku ya nikaha alimwakilisha maalim wa msikiti, yaani alimpa uwakili, aniozeshe, yeye akabaki nyumbani na mafua. Sheria inamruhusu baba kuwakilisha, na wengi huwakilisha kwa nia njema. Lakini mkono nilioshikwa siku ile haukuwa wa baba mkwe wangu, wala sauti haikuwa yake, na mji mzima ulielewa. Rukia alipozaliwa nilisema mbele ya watu: huyu, nitamwozesha mimi, kwa mkono wangu na kwa ulimi wangu. Nililisema hilo barazani mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakawa wananimalizia sentensi.

Ukaingia Ramadhani. Kliniki ni mchana, na mchana nimefunga. Nilijiambia kwamba damu ya jino ikipita kooni saumu imekwenda, na sindano ya ufizi sikujua hukumu yake. Bi Salma alinisikia nikigugumia wakati wa daku.

"Baba Rukia, muulize maalim. Mgonjwa ana ruhusa, siku italipwa."

"Mimi si mgonjwa. Ni yino tu."

"Yino tu, na shavu limekuwa kama andazi!"

Nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilifuturu kwa upande mmoja wa kinywa, tambi zikinidondoka. Katika kumi la kati la Ramadhani shavu lilifura hadi jicho la kulia likawa dogo, nikawa nasali tarawehe nyuma kabisa, karibu na viatu, nisionekane. Duka la dawa waliniuzia vidonge. Uvimbe uliposhuka nikaviacha, vingine nikampa mfanyakazi wangu aliyekuwa na jipu. Nakuomba, usifanye hivyo. Siku ya Idi nilikula biriani vizuri, nikacheka, dhahabu ikaonekana. Nikadhani nimeshinda.

Ugonjwa ulirudi kabla ya sukari ya Idi kwisha mabakulini. Safari hii haukuja na uvimbe mkubwa. Ulikuja na ugumu. Asubuhi moja nilitaka kupiga miayo, taya likakataa. Nikadhani nimelilalia vibaya. Jioni yake kijiko cha kawaida hakikupita, nikapewa cha chai.

Nilikwenda Mombasa. Safari ya basi siisimulii. Kila shimo la barabara lilipitia mdomoni mwangu. Kliniki niliyoelekezwa ilikuwa na viti vya ngozi, baridi ya mashine, na tangi la samaki wa rangi waliokuwa wakifungua na kufumba vinywa bila taabu yoyote. Niliwatazama kwa husuda. Watu waliingia, wakaonyesha kadi zao, wakaitwa majina. Mimi niliulizwa bima gani, nikaonyesha yangu, na yule msichana akatabasamu vile ninavyowafundisha wafanyakazi wangu kutabasamu wakati vyumba vimejaa. Kisha akaniandikia bei. Ilikuwa bei ya kulisha wageni wa harusi wote, wa mume na wa mke. Nusu yake ilitakiwa kabla ya kukaa kitini.

Ningeweza kuilipa, nisieleweke vibaya. Lakini ningeilipa kwa chakula cha harusi ya mwanangu, na hilo sikuliweza. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami, naye bila kadi, alinisogezea chupa yake ya maji na mrija. Nilikunywa maji yale kama dawa. Mpaka leo nikikumbuka Mombasa namkumbuka yeye, samaki nimewasamehe.

Niliporudi Shela nilikuwa siwezi kupitisha kidole baina ya meno. Nilikula uji, maji ya maharage, ndizi zilizopondwa. Kanzu niliyoshonewa kwa ajili ya nikaha ilinining'inia mabegani. Harufu ya kinywa changu ilinichosha mwenyewe. Nilipoongea na wageni niligeuka pembeni. Kuongea kwenyewe kulikuwa kama mtu anayesema nyuma ya mlango. Mfanyakazi wangu hakunielewa, akapeleka taulo kwa wageni walioomba chai.

Nyumbani tuligombana. Bi Salma alikuwa amechoka kupondaponda chakula huku akipanga harusi, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtoto.

"Muwakilishe ndugu yako, Bwana Athmani," akasema. "Ni ami yake Rukia, damu moya. Si aibu."

Nilitikisa kichwa.

"Basi mwakilishe maalim."

Nilitikisa kichwa zaidi, ikaniuma hadi sikioni.

"Swaleh," akasema, na si kawaida yake kuniita kwa jina. "Baba yangu alifanya alilofanya. Mimi ndiye niliyeolewa siku ile, si wewe peke yako. Sitaki mwanangu aolewe huku maiti ya babake i kando."

Nilichukua bakuli langu la uji, nikalirudisha jikoni mwenyewe.

Athmani ndiye aliyepiga simu. Yeye ni kaka yangu mkubwa, hakuondoka Faza hata siku moja, na kwa miaka mingi tulikuwa watu wa salamu za Idi tu. Alisema madaktari wa kujitolea wamekuja, wamepiga kambi kwenye shule ya msingi, wanatibu meno bure kwa wiki nzima. "Ndoo utazamwe," akasema. "Nshawaambia una yino la kifalme."

Bure. Neno hilo lilinikwama kuliko chakula. Mimi hutoa sadaka, huwa siipangii foleni. Na foleni yenyewe Faza, kwa watu walioniona nikikimbia bila viatu! Lakini usiku ule Rukia aliniletea uji, akakaa nami mpaka nikaumaliza, na kabla ya kutoka akaniuliza polepole, "Baba, maneno ya nikaha ni marefu?"

Asubuhi nikapanda boti.

Boti ya Faza hupiga mawimbi kama mtu anayepiga zulia. Nilijifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, nikakaa nyuma. Nahodha alinitazama mara mbili, halafu akapunguza mwendo, abiria wakanung'unika kwamba watachelewa. "Kuna mgonjwa," akawaambia, basi. Sikumlipa zaidi ya nauli, maana alikataa.

Kwenye shule tuliwekwa darasa la watoto wadogo. Madawati yale ni ya kimo chao, kwa hiyo sote tulikaa magoti yamefika kifuani, wazee kwa vijana, tukitazama irabu zilizochorwa ukutani. Nilikuwa nimejifunika leso nikidhani sijulikani.

"Huyu si Swaleh? Wa hoteli?" akasema bibi mmoja niliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni.

"Ndiye," akajibu mzee nyuma yangu. "Dhahabu imemshinda."

"Yeo u na sisi foleni, Bwana Meneja? Wapi zile suti?"

"Mwacheni, hawezi kujibu!"

"Ndiyo raha yake! Lini tena tutampata hawezi kujibu?"

Darasa zima likacheka, na walioshika mashavu wakacheka huku wakilia. Mimi nami nilitaka kucheka, taya likanikamata. Kisha bibi yule akasogea, akapiga dawati kwa kiganja. "Ndoo ukae hapa, pana upepo." Nikakaa. Tulingoja mpaka jua likahama kutoka dirisha moja kwenda la pili.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, mwenye mikono minene na subira nyingi. Aliniambia nifungue mdomo, nikafungua nilivyoweza, akainama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Hii ilianza kabla ya Ramadhani," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukangoja."

Nikaitikia.

"Kila nikija pwani baada ya Idi napata hizi. Mzee, hata maalim wenu wa hapa aling'olewa mchana wa Ramadhani mwaka jana, akailipa siku yake. Mngeuliza tu." Akavua glavu, akavaa nyingine. "Leo koleo halipiti. Nitatoa usaha, nikupe dawa, na utazimaliza zote. Urudi siku yetu ya mwisho hapa. Ikifunguka kidogo, nalitoa. Isipofunguka, itabidi hospitali kubwa, ulazwe."

Usaha ulipotoka nilihisi kichwa kimetuliwa mzigo. Ladha yake sitaiandika.

Kwa hiyo nikalala kwa Athmani, nyumba ya baba yetu, chumba nilichokiacha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nisafiri. Mke wake alinipikia uji wa mtama, akauchuja kwa kitambaa. Athmani alikaa mlangoni akisuka wavu wa plastiki na kuongea. Aliniambia habari za mama alipougua, za kisima, za mashamba, za miaka ambayo mimi nilituma pesa nikadhani nimekuja. Mara nyingi nilitaka kumkatiza, kumweleza upande wangu. Sikuweza. Siku ya tatu ya dawa akanitazama, akatabasamu.

"Miaka yote hii nalikuwa nangoja unyamaze," akasema. "Sikujua dawa yake ni yino."

Nilimrushia mto. Huo ndio uliokuwa msamaha wetu, kwa pande zote mbili, na hatujauongezea neno.

Siku ya mwisho ya kambi taya lilifunguka kiasi cha kupitisha koleo, kwa taabu. Siwezi kukudanganya kwamba hakukuuma. Daktari alisema ganzi haishiki vizuri penye usaha, na alisema kweli. Athmani alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, mikono ya gundi na chumvi, akawa ananisomea kwa sauti ya chini sikioni. Jino likatoka na kofia yake. Daktari aliliosha, akanipa ndani ya pamba. Dhahabu juu inang'aa, chini jeusi kama mkaa. Nililitazama mara moja tu. Sasa limo kwenye kikebe cha vifungo cha Bi Salma.

Taya lakini halikufunguka kwa sababu jino limetoka. Hilo hukuambiwa, kwa hiyo nakuambia. Lilikuwa limejifunza kufunga. Daktari alinipa vijiti vya mbao, kama vile vya aiskrimu, nivipange kimoja juu ya kingine na kuvitia baina ya meno, nivumilie, niongeze kimoja kila nitakapoweza. Rukia alisimamia kazi hiyo. Mikono yake ilikuwa imeshapakwa hina, kwa hiyo alinihesabia tu kwa macho, na mimi nikapachika vijiti huku machozi yakinitoka. Tulipovitoa, nilisema maneno ya nikaha, nipate kuyazoea. Mara ya kwanza yalitoka kama mtu anayezama. Rukia alisikiliza hadi mwisho.

"Nimeyaelewa," akasema. Kisha, "Rudia, Baba. Jina langu halikutoka."

Kabla sijafika siku yenyewe, nikupe niliyoyapata, maana nimeyalipia. Likianza kuuma, nenda wakati ule ule, hata kama una shughuli. Shughuli haitakungoja na jino halitakungoja. Uliza bei kabla hujakaa kitini, usione haya. Aliyekupa kiti cha ngozi atakiongeza kwenye bei. Kung'oa kwa bei ndogo hospitali ya karibu si kushindwa. Ukisikia kambi ya madaktari imekuja, nenda mapema na uende na maji. Na ukipewa vidonge, vimalize, mwenye jipu atafute vyake. Kama una diploma, iache nyumbani siku hiyo. Haikufupishii foleni. Yangu nilikuwa nimeitia mfukoni.

Nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri, msikiti wa Mkomani. Athmani alikuja kwa kanzu mpya akakaa nyuma yangu, karibu. Bi Salma ndiye aliyempanga pale, nilijua, wala sikukasirika. Mashahidi walikuwa wawili: ami yake bwana arusi, na Mzee Aboud, babake Salma. Ni Rukia aliyemwomba babu yake. Amezeeka sana, lakini masikio yake ni mazima na shingo yake bado haipindi.

Maalim aliniinamia. "Bwana Swaleh, tuwakilishe? Ndugu yako yuko."

Nikatikisa kichwa. Nikaushika mkono wa yule kijana. Ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu. Nikasema. Nilisema namuoza binti yangu Rukia kwa mahari tuliyoagana, na kila neno lilitoka limebanwa, kama barua inayopitishwa chini ya mlango.

Maalim akawageukia mashahidi. "Mumesikia?"

Ami wa bwana arusi akakohoa. "Niwieni radhi. Sikuyapata vyema."

Nyuma yangu nikamhisi Athmani akisogea kidogo, yuko tayari. Nikalifungua taya kuliko lilivyotaka kufunguka. Kitu kikachanika ndani, nikaonja damu. Nikayarudia maneno, safari hii polepole, na jina la mwanangu nikalisema mara mbili, pasiwe na shaka.

"Sasa nimesikia," akasema ami.

"Na wewe, Mzee Aboud?"

Yule mzee hakumtazama maalim. Alinitazama mimi.

"Mimi nalimsikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Ameoza kwa ulimi wake."

Kijana akakubali, fatiha ikasomwa, kahawa ikapita. Watu wakanikumbatia nami nikawa nameza damu na kuitikia. Sahani ya halwa ilipofika kwetu, Mzee Aboud aliizuia kwa mkono. Akaipapasa halwa kwa vidole, polepole, akaipita sehemu yenye lozi, akakata kipande kidogo katikati, penye ulaini, akanitilia kiganjani.

"Hii haina kitu ndani," akasema. "Tafunia kushoto."